Kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu: anza na skrini, usiibanie pawa saplai

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue ukasema unataka mashine ya gemu, mara nyingi utajibiwa: "Chukua i7, RAM 16, grafiki GB 4." Maneno hayo hayajakuambia kitu. Prosesa ya i7-2600 ni ya mwaka 2011. Ile i3-12100 ya mwaka 2022 inaiacha mbali, ingawa jina lake ni la chini na zote mbili zina kori 4 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) na nyuzi 8 (kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja). Kadi ya GT 730 yenye GB 4 nayo ni ya mwaka 2014, dhaifu kiasi kwamba memori hiyo yote haina pa kutumika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usinunue kifaa ambacho hujaambiwa namba yake kamili. Muuzaji akikataa kukuonyesha namba, nenda duka la pili.

Kompyuta inayolengwa hapa ni ya kucheza gemu za leo kwenye skrini ya 1080p (pikseli 1920 x 1080), katika nyumba ambayo umeme hukatika na chumba hakina kiyoyozi. Mwenye lengo tofauti atabadilisha kadi na prosesa, lakini maelezo ya umeme na joto yanamhusu vilevile.

Skrini

Kabla ya kuulizia bei ya kadi yoyote, jua skrini yako ina pikseli ngapi na inaonyesha picha mpya mara ngapi kwa sekunde (hizo ndizo Hz). Skrini ya 1920 x 1080 ina pikseli kama milioni 2.07. Ya 2560 x 1440 ina milioni 3.69, karibu mara 1.8, na kadi ya michoro italazimika kuzichora zote. Ukitumia runinga ya sebuleni ya Hz 60, kulipia mashine ya kutoa fremu 140 kwa sekunde ni kutupa hela, maana runinga haitazionyesha. Mwenye runinga hiyo anayecheza EA FC na GTA V anatosheka na mashine ya wastani. (Awashe hali ya gemu kwenye runinga, la sivyo vitufe vitachelewa kuitikia.) Mchezaji wa Valorant au Fortnite kwenye Hz 144 anahitaji prosesa yenye kasi zaidi, kwa sababu kwenye gemu hizo kadi humaliza kuchora mapema ikabaki kuisubiri prosesa.

Kadi ya michoro

Hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda. Kwa mashine ya gemu, kutenga asilimia 35 hadi 45 ya bei ya vifaa, bila skrini, kwa ajili ya kadi ni mgawo mzuri. Kwa 1080p, chaguo lenye akili kwa mfuko wa kawaida ni Radeon RX 6600: GB 8 za memori, wati 132, plagi moja ya umeme ya pini 8. Ukiweza kuongeza kidogo, au ukitaka pia kuhariri video na kutumia Blender, tafuta GeForce RTX 3060 ya GB 12, inayokula wati 170. Angalia usipewe RTX 3060 ya GB 8: ina jina hilohilo, lakini njia yake ya memori ni ya biti 128 badala ya 192, na kwenye gemu tofauti inaonekana.

Chini ya GB 8 usishuke kama unanunua kwa ajili ya gemu mpya. Memori ya kadi ikijaa, gemu huanza kuazima RAM ya kawaida kupitia ubao mama, na utaona picha inakwamakwama kila unapogeuza kamera, hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri.

Kuna kadi moja inayowaangusha wengi kwa sababu bei yake inavutia: RX 6500 XT. Inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani za tundu linaloiunganisha kadi na ubao mama. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 inajikongoja, lakini ukiichomeka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, upana wa njia hizo 4 unakatika nusu, na kwa kuwa ina GB 4 tu, memori inajaa mapema na kila kitu kinapitia hapohapo penye msongamano. RX 6600 inatumia njia 8, hivyo kwenye PCIe 3.0 hupoteza kidogo tu.

Kadi za mtumba zina bei nzuri, na kadi iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kinachochoka ni feni na pedi za joto. Hatari kubwa ni kadi zilizochakachuliwa. Wajanja huchukua chipu ya zamani kama ya GTX 550 Ti, wakaiandikia BIOS (programu ya ndani ya kifaa) ya GTX 1050 Ti, na Windows inasoma jina la uongo. Fungua programu ya GPU-Z: matoleo yake tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya aina hiyo. Tundu la VGA kwenye kadi inayoitwa GTX 1050 Ti nalo likutie shaka, kwani kizazi hicho cha chipu hakitoi ishara ya VGA. Kuna pia RX 580 yenye shaderi (vitengo vidogo vya kuchora) 2048. RX 580 kamili ina 2304. Si feki, lakini usiilipie bei ya kamili.

Prosesa na ubao mama

Ryzen 5 5600, ya mwaka 2022, ndiyo inayofaa kwenye mpango huu: kori 6, nyuzi 12, kache (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, PCIe 4.0, na feni yake ndani ya boksi. Umeme wake haupandi zaidi ya wati 76 ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo haihitaji kipozeo cha gharama. Inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye ubao) ya AM4 na inatumia RAM ya DDR4. Soketi mpya ya AM5 inakubali DDR5 peke yake, na tangu bei za RAM zipande mwishoni mwa 2025, kuhamia huko kunagharimu zaidi ya prosesa yenyewe. Faida nyingine ya AM4 ni kwamba siku ukipata pesa unaweza kuchomoa 5600 ukaweka Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D, zenye kache ya MB 96, bila kubadilisha kitu kingine zaidi ya kipozeo.

Majina yanayofanana na hili yana tofauti kubwa. Ryzen 5 5500 na 5600G zina kache ya MB 16 na PCIe 3.0. 5600G ina michoro yake ya ndani, na hilo ndilo linaloifanya ifae kwa mtu mmoja tu: yule ambaye kadi ataisubiri kwa miezi mingi na wakati huo anataka kucheza gemu nyepesi. Kama kadi unainunua ndani ya mwezi au miwili, vumilia uchukue 5600. Kumbuka kwamba 5600 haina michoro ya ndani kabisa. Bila kadi, skrini itakaa nyeusi, na wengi humpigia muuzaji simu wakidhani ubao umekufa. Upande wa Intel, i5-12400F nayo ni nzuri, ina kori 6 na nyuzi 12. Herufi F mwishoni inamaanisha hilohilo: hakuna michoro ya ndani.

Ukienda na Intel, soma sanduku la ubao kabla ya kununua RAM. Soketi ya LGA1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na mkato wa RAM uko sehemu tofauti, hivyo moja haiingii kwenye nyingine hata ukilazimisha.

Kwa Ryzen 5600, ubao wa B550 ndio wa kutafuta. A520 inafanya kazi vizuri pia na ni nafuu, ila utabaki na PCIe 3.0. B450 ni ya mtego: ilitoka kabla ya kizazi cha 5000, na kama BIOS yake haijasasishwa, feni zitazunguka lakini hutaona picha. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa prosesa yako. Vinginevyo chagua ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

RAM na SSD

Nunua vipande viwili vya GB 8, DDR4 ya kasi 3200, CL16, pea moja kutoka pakiti moja. Kipande kimoja cha GB 16 kinaiacha prosesa ikitumia njia moja ya memori badala ya mbili, na kwenye gemu hilo linaonekana. Vipande hivyo vikae tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

SSD ya M.2 NVMe, GB 500 ikiwa pesa imebana, TB 1 ukiweza. Gemu kama EA FC peke yake hutaka nafasi ya GB 100, na Windows nayo ina mahitaji yake, kwa hiyo GB 256 zitakuchosha ndani ya wiki. Umbo la M.2 haliashirii kasi: zipo M.2 za SATA zinazoishia karibu MB 550 kwa sekunde, na za NVMe za PCIe 3.0 zinazofika MB 3,500. Kwenye kufungua gemu tofauti ya hizo mbili ni ndogo, lakini kama bei ni ileile, chukua NVMe. Diski ya kuzunguka itunze filamu.

Pawa saplai na umeme wa nyumbani

Kifaa hiki ndicho watu hukibania pesa, na ndicho pekee kinachoweza kuondoka na vingine vyote. Usisome maandishi makubwa ya "500W" yaliyo ubavuni. Geuza boksi utafute jedwali dogo, kisha safu ya +12V. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai nzuri ya wati 550 itaonyesha takribani ampea 45, yaani wati 540 kwenye njia hiyo. Ile ya bei ya kutupa inayojiita wati 500 unaweza kukuta ampea 18 tu: wati 216. Prosesa na kadi ya michoro zote zinakula kwenye +12V, kwa hiyo namba hiyo ndiyo uwezo wake halisi. Uzito nao una maana. Chuma chepesi kama boksi tupu kimepunguziwa koili na kapasita ndani.

Hesabu ya mpango wetu: prosesa wati 76, kadi 132, ubao, RAM, SSD na feni pamoja karibu 60. Jumla ni takriban 270. Pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayoaminika inatosha na kubakiza nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye, pamoja na mirusho ya ghafla ambayo kadi hufanya kwa sehemu ndogo ya sekunde. Alama ya 80 PLUS inazungumzia ufanisi, haizungumzii kinga. Ni afadhali kuwa nayo kuliko kuikosa, ila usiishie hapo.

Tafuta lebo inayosema 100–240V. Hizo hujirekebisha zenyewe na huvumilia umeme unaposhuka. Pawa saplai zenye swichi nyekundu ya 115/230 nyuma yake zinahitaji uangalifu: kama imetoka Marekani na swichi iko kwenye 115, ukiichomeka kwenye soketi ya Tanzania au Kenya utasikia mlipuko na moshi papo hapo. Ikague kabla hujaiwasha hata mara ya kwanza.

Kisha kuna waya wa ethi. Kompyuta nyingi za mtumba huja na kebo ya plagi ya Ulaya yenye pini mbili za duara, na mtu huichomeka kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kufungua kizibo kwa kalamu. Mashine itawaka, lakini haina ethi. Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo za kuchuja makelele ya umeme, zilizoungwa kwenye kasha. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki na volti kiasi cha nusu ya zile za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenywa tu ukigusa chuma kwa mkono wenye jasho. Wengi hudhani pawa saplai ni mbovu, wakabadilisha, na mtekenyo ukabaki. Nunua kebo ya plagi ya pini tatu za bapa yenye fyuzi. Ukiendelea kutekenywa, mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba.

Ukinunua UPS, soma wati, achana na VA (volti mara ampea). UPS nyingi za 650VA hutoa wati 360 au 390. Mashine hii ikicheza gemu, pamoja na skrini, inafika kama 300, hivyo UPS hiyo itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Inayotoa wati 600 inakaa vizuri zaidi. Baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai (saketi ya kurekebisha uvutaji wa umeme) hugoma zinapohamia kwenye betri ya UPS inayotoa mawimbi ya ngazingazi, mashine ikajizima hata kama betri imejaa. Ukiweza, jaribu kabla ya kulipa: washa gemu, chomoa UPS ukutani.

Kasha

Mbele kuwe na wavu, pasiwe na kioo kilichozibwa. Feni mbili mbele za kuvuta, moja nyuma ya kutoa. Joto la kadi na prosesa hupanda sambamba na joto la chumba, kwa hiyo kipimo cha video iliyopigwa kwenye chumba cha nyuzi 21 usikitegemee Mombasa au Dar es Salaam penye nyuzi 32, ongeza kumi. Pwani, hewa ya chumvi hutia kutu skrubu na pembe za bati, hivyo usiiweke mashine chini ya dirisha linalotazama bahari. Pima pia urefu wa kadi: zenye feni tatu huzidi milimita 300, na makasha madogo hayazipokei.

Ukianzia kwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba

Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zimejaa madukani, na kwa mwenye bajeti ndogo ni mwanzo mzuri, mradi aelewe mipaka yake. Chukua kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu, kwa mfano i5-8500 yenye kori 6. Inapatikana kwenye OptiPlex 3060, 5060 na 7060 na EliteDesk 800 G4. Zile i5 za vizazi vya 6 na 7, kama i5-6500, zina kori 4 bila nyuzi za ziada, na kwenye mashine hizi hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vipengele vya usalama vya kompyuta.

Tatizo la mashine hizi ni pawa saplai. Nyingi ni za wati 180 hadi 300, hazina waya wa pini 8 wa kadi, na plagi yake ya ubao si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kubadilisha kirahisi. Tundu la PCIe linatoa wati 75 tu. Kadi inayofaa hapo ni isiyohitaji waya: GTX 1650 ya wati 75, au RTX 3050 ya GB 6, ya wati 70. Kwa kasha jembamba omba toleo fupi lenye bati fupi la nyuma.

Usikubali adapta ya kutoa umeme wa SATA kwenda pini 8. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1.5: jumla wati 54. Plagi ya pini 8 inaruhusiwa kuvuta wati 150. Plastiki huyeyuka, na wakati mwingine hushika moto.

Kabla ya kulipa, na siku ya kuwasha

Kwa kadi ya mtumba, endesha FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika 15 dukani. Picha isiwe na vidoti wala mistari, joto lisipite nyuzi 85, feni zote zizunguke. Kwa SSD ya mtumba, fungua CrystalDiskInfo usome afya yake na saa ilizowaka. Muuzaji asiyekubali majaribio haya hana kadi ya kukuuzia.

Ukishaunga, mashine ikikataa kuonyesha picha, fuata mpangilio huu. Kebo ya skrini iwe kwenye kadi, siyo kwenye ubao. Plagi ya prosesa, ile ya 4+4 pembeni juu ya ubao, iwe imeingia. Usiichanganye na 6+2 ya kadi. Chomoa RAM na uirudishe hadi isikike "tak" pande zote. Angalia kuwa hakuna guzo la skrubu la ziada chini ya ubao linalogusa saketi.

Ikiwaka, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM. Bila hivyo RAM uliyoilipia kama 3200 itakimbia kwa 2133 au 2400. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya skrini uchague Hz 144, kwani mara nyingi hubaki 60. Kisha cheza gemu nzito kwa nusu saa ukiwa na HWiNFO, programu ya kusoma joto, imefunguliwa. Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90, kwa hiyo ikikaa juu ya 85 kuna kasoro kwenye kupooza. Fungua ubavu wa kasha, endelea kucheza dakika kumi. Joto likishuka sana, shida ni hewa: ongeza feni ya mbele. Lisiposhuka, ondoa kipozeo, futa pesti ya joto ya zamani juu ya prosesa, paka mpya na ukaze skrubu kwa kupishanisha pembe.